Twende Bamburi Tukaone Shimo Lililogeuka Msitu

Ndugu msomaji, leo twende pamoja Mombasa, nchini Kenya. Tukivuka daraja la Nyali na kushika barabara ya Malindi, tutafika Bamburi. Hapo kuna kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1954. Saruji hutengenezwa kwa mawe ya chokaa. Mawe hayo yalichimbwa karibu na kiwanda.

Mawe yalikwisha, likabaki shimo kubwa. Chini palikuwa jiwe tupu, jeupe, lenye kuunguza kwa jua. Udongo haukuwapo. Maji yaliyokuwa karibu chini ya mawe yalikuwa na chumvi. Je, wewe ungepanda nini mahali kama hapo?

Mwaka 1971 Bwana René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kujaribu. Alipanda aina 26 za miti. Aina tatu tu zilipona: mnazi, mvinje, na mti mmoja wenye asili ya Somalia. Hakukata tamaa kwa zile zilizokufa. Aliufuata ule uliostawi, yaani mvinje.

Mvinje huvumilia chumvi. Tena katika mizizi yake hukaa vijidudu vidogo sana, ambavyo huupatia mti chakula kutoka hewani. Lakini palitokea shida. Majani yake membamba kama sindano yalianguka, yakalundikana, wala hayakuoza. Bila kuoza hakuna mboji, na bila mboji mbegu nyingine haziwezi kuota vizuri.

Aliyeleta msaada ni jongoo. Ndiyo, jongoo yule yule unayemruka njiani! Ilionekana kwamba jongoo hula majani hayo. Basi majongoo wengi walikusanywa, wakatiwa msituni. Walikula, na mavi yao yakawa mboji. Polepole udongo ukapatikana, na miti mingine ikafuata. Yalichimbwa pia mabwawa, wakafugwa samaki. Mwaka 1984 watu walianza kuingia kutembea. Leo mahali hapo huitwa Haller Park. Wako viboko, twiga na kobe wakubwa.

Sasa tutazame jambo la maji. Mawe ya Bamburi yana vitundu vingi, kwa hiyo maji ya mvua hupenya. Mahali pengine si hivyo. Penye mfinyanzi maji hutuama. Penye mteremko hukimbia na kubeba mbegu zote. Na penye kifusi kirefu, maji yanaweza kuua. Huko Aberfan, Wales, kifusi cha mgodi wa makaa ya mawe kilirundikwa mlimani juu ya chemchemi. Tarehe 21 Oktoba 1966 kililowa, kikaporomoka juu ya shule na nyumba. Watu 144 walikufa, na 116 kati yao walikuwa watoto.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, maji yapangiwe njia kwanza, mbegu zifuate. Labda kijijini kwako kuna shimo la changarawe lililoachwa na wajenzi wa barabara, au la wachimbaji wa mchanga. Fanyeni hivi:

1. Nendeni mvua inaponyesha. Tazameni maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi.

2. Chimbeni mfereji upande wa juu, ili maji ya mlimani yasiingie. Mfereji uteremke kidogo kidogo. Uishie penye majani au mawe, usiishie shambani kwa mtu.

3. Kingo kali zilazwe. Chimbeni makinga maji yanayokata mteremko.

4. Kama udongo wa juu ulitengwa, urudisheni. Ongezeni samadi.

5. Mvua zikianza, pandeni majani na kunde kwa safu zinazokata mteremko. Miti ifuate.

6. Mbuzi na ng'ombe wasiingie mpaka majani yashike.

Shimo lililoachwa hivi hivi huzaa mbu. Mtoto anaweza kufa maji humo. Likitunzwa, linaweza kutoa kuni, majani ya mifugo na kivuli. Hata hivyo msitegemee matunda ya msimu mmoja. Bamburi walihitaji miaka mingi. Haraka haraka haina baraka.

Mkimaliza kusoma, ulizaneni: shimo la kwetu liko wapi, na mvua ikinyesha maji yake huenda wapi? Siku ya mvua nendeni mkaone wenyewe.