Risasi ya Mguu Sio "Ya Mguu Tu"

Leo sina vichekesho, nisikizeni kidogo.

Kuna maneno nayasikia mtaani kila mtu akipigwa risasi chini: "Ah, ni ya mguu tu, hafi huyo." Muvi ndizo zimetudanganya. Jamaa anapigwa ya mguu, anafunga kitambaa, dakika mbili yuko juu ya ukuta anakimbia. Maisha sio hivyo. Tarehe 20 Juni 2024, Rex Masai alipigwa risasi ya paja kwenye maandamano Nairobi. Paja, sio kifua. Akafa kwa kuvuja damu.

Na usiseme hayo ni ya Nairobi. Tarehe 20 Novemba 2018, huku kwetu Chakama, waliomteka yule Muitaliano, Silvia Romano, walifyatua risasi wakajeruhi watu watano, watoto wakiwemo. Chakama sio mjini. Kutoka kule mpaka Malindi ni mwendo, na njia nzima anayekushikia uhai ni jirani, sio daktari. Ndio nasema, matibabu yanaanza na wewe uliyesimama pale.

Sasa mguu wenyewe. Kutoka kifundo kwenda chini kuna mifupa 26, mishipa na kano, vyote vimebanana mahali padogo. Risasi ikipita hapo, mara nyingi inavunja kitu. Tena inaingia na vipande vya soksi, kiatu na mchanga. Kwa hivyo una maadui wawili: damu leo, uchafu kesho.

Damu kwanza. Mkishatoka kwenye hatari, mlaze chini. Kiatu usikivute, kikate. Angalia pande zote mbili, maana risasi huingia hapa ikatokea kule. Chukua kitambaa safi, hata leso, kandamiza kwa nguvu. Usifunue funue kuchungulia. Ikilowa, ongeza nyingine juu yake. Kama damu inaruka na haishikiki kabisa, hapo ndio unafunga kitambaa kipana juu ya jeraha, sio kwenye kiungo, unakaza kwa kijiti mpaka isimame. Andika saa uliyofunga, na usilegeze mpaka mfike hospitali.

Mambo ya kuacha: mafuta ya taa, majivu, kahawa, maji ya bahari. Na tafadhali, usichokoe risasi. Madaktari wenyewe wakati mwingine huiacha ndani. Kazi yao kubwa ni eksirei, kuosha jeraha vizuri, kutoa nyama iliyokufa, antibaiotiki na sindano ya pepopunda. Hata kama damu imesimama nyumbani, hayo yote bado unayahitaji. Usimtembeze mgonjwa. Kama ni boda au tuktuk, chukua tuktuk, anyooshe mguu.

Halafu kuna hili linaloniuma. Kijana wa jirani yetu, dereva wa boda, alipata risasi ya kupotea kwenye mguu. Tukamkimbiza kliniki moja ya karibu, leso imeshakuwa nyekundu yote. Mlangoni tukaulizwa: "Namba ya OB iko wapi?" Mamake akasema, "Sista, damu haisubiri OB." Ilibidi twende kwingine. Alipona, lakini mpaka leo anachechemea, na boda ameuza. Huku Pwani mguu ndio mshahara: mvuvi anasukuma ngalawa nao, mkwezi anapanda mnazi nao, beki anacheza nao.

Ndio nataka kila mtu ashike hili kichwani. Katiba ya 2010, kifungu cha 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza: hospitali yenye uwezo ikikataa kutoa huduma hiyo, faini inaweza kufika shilingi milioni 3. OB na P3 ni kazi ya polisi na korti, na zina maana, lakini zinakuja baada ya damu kusimama. Useme hivyo mlangoni, kwa heshima, bila kupiga kelele, na bila kuondoa mkono kwenye jeraha.

Sio kila mtu atakuwa daktari. Lakini kukandamiza leso hata mtoto wa darasa la nane anaweza. Piga 999 au 112, kandamiza, endelea kukandamiza. Na ukisikia tena mtu anasema "ni ya mguu tu", mrekebishe.