Mama Mkwe Alisema Hajambo

Mimi ni Bwana Shamba. Ninakaa Mafiga, mjini Morogoro. Kazi yangu ni mazao, siyo dawa. Lakini leo nataka kukueleza habari ya maumivu ya wazee, kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea.

Mama mkwe wangu anaishi Kinole, katika milima ya Uluguru. Ana miaka 74. Wakati wa masika aliteleza kwenye migomba akaanguka. Vijana walimbeba kwa machela mpaka barabarani. Mimi na mke wangu tulimkuta hapo. Mguu wake mmoja ulikuwa umefupika, na unyayo umelalia nje. Hiyo ni dalili ya nyonga kuvunjika. Mtu wa namna hiyo usimsimamishe.

Nikamwamkia, "Shikamoo mama. Unaumwa sana?"

Akajibu, "Marahaba baba. Sijambo."

Nami nikaamini! Nikampa vidonge viwili vya diklofenaki, nilivyokuwa nimenunua dukani kwa ajili ya mgongo wangu.

Tulipofika hospitali, mganga aliuliza kama mgonjwa ana maumivu makali. Nikajibu mimi: "Anasema hajambo." Kwa jibu langu hilo, mama alingoja muda mrefu.

Ndipo muuguzi mmoja, mama mtu mzima, akaniomba nitoke nje. Akamwambia mama mkwe, "Usipoinua kidole, huumwi. Ukiinua kumi, maumivu hayavumiliki. Nionyeshe." Mama akainua vidole tisa.

Ndugu msomaji, unajua mambo ya ukwe. Mama angewezaje kulia kwa ajili ya paja lake mbele yangu?

Akachomwa sindano ya mofini katika mshipa, kidogo tu. Wakangoja, wakamwuliza tena vidole, wakaongeza kidogo. Dawa hii ikizidi hupunguza pumzi, hasa kwa mzee. Kwa hiyo huanza kidogo na mgonjwa huangaliwa. Lakini kuanza kidogo siyo kumnyima. Mzee akiachwa na maumivu makali huweza kuweweseka, hali chakula, havuti pumzi vizuri. Nasi husema ni uzee.

Vidole vilishuka mpaka vinne. Mama akalala.

Nami nilikemewa, na ilinistahili. Diklofenaki huweza kuumiza figo za mzee na kutoa damu tumboni, tena mama anatumia dawa za shinikizo la damu. Mganga alitaka kuziona, nasi tulikuwa tumeziacha nyumbani. Alisema nyumbani ni afadhali parasetamo. Kidonge kina miligramu 500. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 kwa siku, usiku na mchana. Mzee mwembamba apewe pungufu, kama mganga atakavyosema.

Ng'ombe hasemi, lakini kila siku namtazama anavyosimama, nikajua anaumwa. Mkwe wangu sikumtazama uso.

Sasa anatembea kwa fimbo. Nikimwamkia, bado anasema hajambo. Basi namtuma mke wangu akaulize vidole.