Kituo Ambacho Treni Haisimami Tena

Ukitoka Mwanza kwa reli ya zamani unayaacha mawe makubwa ya ziwani, unapita Fela, unapita Mantare, na nchi inafunguka: mashamba ya pamba na mpunga, mbuga nyeusi inayonata miguuni wakati wa masika, ng'ombe wakivuka tuta bila haraka. Huko upande wa Kwimba kuna kituo kidogo kilichofungwa. Jina lake silitaji, kwa sababu hakina mlinzi na chuma chake bado kipo.

Ni chumba kimoja cha mkata tiketi, baraza yenye benchi la saruji, na ghala la mabati. Dirisha la tiketi limepigiwa mbao, lakini kibao chake cha chini kimebaki, kimelika katikati pale nauli zilipokuwa zikisukumwa. Ubao wa jina unasomeka kwa shida. Chini ya jina umeandikwa mwinuko kutoka usawa wa bahari, kwa futi, kama ilivyokuwa desturi ya reli za Afrika Mashariki. Njia ya kupishania treni imemezwa na majani. Nilifuta vumbi ubavuni mwa reli: herufi za kiwanda zimeinuka, kisha 19, na tarakimu mbili za mwisho zimeliwa na kutu.

Ghalani ndiko nilikokaa sana. Imo mizani ya mizigo, ile ya kusimama sakafuni, na mkono wake wa shaba bado unacheza ukiugusa.

"Mwangaluka, baba," nilimsalimu mzee aliyekuwa akichunga mbuzi nyuma ya ghala. Ujanani alikuwa mpakiaji. Alinionyesha mahali marobota ya pamba yalipopangwa, na upande wa pili wa reli walikokaa akina mama na matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa), karanga na kuku wa kukaanga, wakisubiri treni ya Tabora. "Msimu wa pamba, mwanangu, hatukulala," alisema. "Behewa likijaa, jingine liko mlangoni."

Reli hii ilifika Mwanza mwaka 1928, mkono wa kaskazini wa Reli ya Kati ambayo Wajerumani walikuwa wameifikisha Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kabla yake mazao ya Usukuma yalipakiwa melini Mwanza, yakavuka ziwa hadi Kisumu, kisha yakapanda treni kwenda Mombasa. Reli ya Tabora ililifungulia ziwa mlango wa Dar es Salaam, na kilomita 379 kutoka Tabora hadi Mwanza zikawa uti wa mgongo wa biashara ya pamba. Malampaka, Malya, Bukwimba: kwa mkulima majina haya yalikuwa masoko.

Lakini mizani ilikuwa na ubaya wake. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 kilio kikubwa cha wakulima wa Kanda ya Ziwa kilikuwa kupunjwa uzito na wanunuzi. Wakulima wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe karibu na vituo vya kununulia, mkulima apime pamba yake kabla ya kuiuza. Kutokana na vuguvugu hilo, Paul Bomani na wenzake walijenga vyama vya msingi, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, muungano uliokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Bomani mwenyewe akawa Waziri wa Fedha wa Tanganyika mwaka 1962. Siasa ya uhuru katika nchi hii ilipita kwenye mizani, na ndiyo maana naona uchungu kuiona hii moja ikingoja mnunuzi wa vyuma chakavu.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la reli la pamoja lilivunjika nayo. Baadaye lami ilifika, malori yakaanza kuchukua pamba mlangoni kwa mkulima, na vituo vidogo vikakosa kazi.

Na sheria haivioni. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baada ya hapo lazima Waziri ayatangaze kwanza. Kwa kipimo hicho, karibu kila kilichojengwa Mwanza kwa matofali na saruji kiko nje ya ulinzi: stesheni, maghala ya ushirika, viwanda vya kuchambua pamba. Nayaheshimu magofu ya Kilwa kwa moyo wote, lakini urithi wa mkulima wa Usukuma haukujengwa kwa matumbawe.

Tarehe 14 Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka hapo Fela, kilomita 341 pamoja na njia za kupishania. Reli hiyo inaifuata ile ya zamani kwa karibu sana, na naitaka ije. Watu wa Kwimba wanaihitaji kuliko mtu yeyote anayekuja kupiga picha magofu. Ila matingatinga hayaulizi ghala lilikuwa la nani. Nairobi jumba la makumbusho ya reli lilifunguliwa mwaka 1971, na vitabu vya stesheni, kengele na taa za ishara vikapata pa kukaa.

Mwaka 2028 reli itatimiza miaka 100 tangu ifike Mwanza. Muda upo wa kuvipima vituo hivi na kuvipiga picha kimoja kimoja, na kuwarekodi wapakiaji, wapiga kengele na wauza matobolwa waliobaki. Kazi hiyo haihitaji bajeti ya taifa: ofisi ya utamaduni ya halmashauri na walimu wawili wa historia wanaweza kuianza. Mizani nayo ihamishiwe Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma pale Kisesa, kabla haijakatwa vipande.