Injini ya Zedi ya Staa Fulani na Mdomo Wangu Uliomponza Anko

Leo sina habari za nani kaachana na nani. Umbea wa leo unanihusu mimi mwenyewe, na bado unaniuma.

Wale wa siku nyingi humu mnaikumbuka posti yangu kuhusu staa mmoja wa Bongo Fleva (jina kapuni) na "mkangafu" wake. Jamaa alinunua Datsun 240Z iliyokaa miaka kwenye banda la mzee mmoja, akaileta gereji kwa anko wangu pale Gerezani. Mimi nikaipiga picha ya wizi, nikaandika: "Hela ya kiki anayo, hela ya gari hana." Mlicheka sana siku ile. Komenti zilipita mia.

Kiukweli sikujua nilichokipiga picha.

Jioni hiyo hiyo anko, posti hajaiona bado, akanifungulia boneti. "Hesabu." Nikahesabu silinda sita, zote kwenye mstari mmoja, na kabureta mbili ubavuni. Akasema hii ndiyo L24, lita 2.4, nguvu za farasi kama 150, ilitoka na gari hili mwaka 1969.

"Unaijua Datsun 1600SSS? Ile aliyoshinda nayo Edgar Herrmann Safari Rally ya 1970? Ile ina L16, silinda nne. Kipenyo cha silinda ni kile kile, milimita 83, na pistoni inapanda na kushuka umbali ule ule. Wajapani wakaongeza silinda mbili tu, wakapata hii."

Mwaka 1971 Herrmann huyo huyo akachukua tena Safari, safari hii na 240Z. Mwaka 1973 akachukua Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na 240Z vilevile, tena baada ya kulingana pointi na Mswidi Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun nyingine. Daah! Kumbe mkangafu wangu una ndugu zake waliokula vumbi na matope ya huku kwetu na wakabeba kombe.

Usiku ule sikulala, nikawa nasoma tu. Mwaka 1974 Z ikapewa lita 2.6, lakini Marekani walikuwa wamekaza sheria za moshi, na kabureta mpya zikawa kero mpaka watu wakawa wanazing'oa na kurudisha za zamani. 1975 ikaja lita 2.8 na kabureta zikastaafu, mafuta yakawa yanapulizwa na nozeli zinazoongozwa kwa umeme. 1981 ikapata turbo. 1983 ule mstari wa silinda sita ukaachwa, ikaja V6 ya lita 3. 1989 turbo zikawa mbili, farasi 300. 2002 turbo zikatolewa, injini ikakuzwa hadi lita 3.5. Na 2022 wakarudi kwenye lita 3 na turbo mbili, farasi 400. Gari ni Z ile ile, moyo umebadilishwa kila zama.

Sasa ishu yenyewe. Staa mwanzoni alitaka L24 ing'olewe, iwekwe 2JZ ya Toyota kama vijana wengi wanavyopenda. Anko akambembeleza wiki nzima. "Mwanangu, injini hii haijafa, imelala. Gasketi ya silinda hedi imeungua, ringi zimechoka. Nipe mwezi mmoja." Jamaa akakubali. Anko akaagiza gasketi kwa hela yake mwenyewe, akijua atarudishiwa kazi ikiisha.

Kesho yake posti ikamfikia staa.

Alikuja gereji asubuhi na gari la kuvuta. Hakugomba. Alimwonyesha anko simu tu, akasema, "Hata hapa kwako, mzee?" Wakaifunga minyororo ile Z, wakaondoka nayo. Anko akasimama kimya pale, mikono imejaa grisi, halafu akaniuliza swali moja: "Ulilipwa shilingi ngapi?"

Sikulipwa hata senti. Nilipata likes.

Mwezi uliopita gari hilo limeonekana kwenye video mpya ya jamaa. Rangi imepigwa, inang'aa balaa, nyie mkaandika "kali sana". Mimi nilivaa hedifoni nikasikiliza. Ni 2JZ. Sisemi ni injini mbaya, ni moto wa kuotea mbali. Na hata Nissan wenyewe wamebadili injini ya Z mara zote hizo nilizowatajia. Ila wao walibadili kwa sababu ya moshi, au kwa kutafuta nguvu. Hii ilibadilishwa kwa sababu mwenyewe alionewa aibu na gari lake, na aibu hiyo nilimtia mimi.

Nimemtumia ujumbe wa kuomba radhi. Ameusoma, hajajibu. Ana haki yake. Gasketi ya L24 bado inaning'inia kwenye msumari pale gereji, na anko hataki niitoe. Posti ya zamani nimeifuta, ila najua wengine mlishaisambaza.

Haya wadau, ungekuwa wewe ungeifufua L24 au ungebadili injini? Dondosha komenti yako hapo chini. Ila leo staa asitukanwe. Mwenye kutukana anitukane mimi.