Marejeo ni Ngamani

Walimu wenzetu watakubali kwamba zipo methali ambazo huzifundisha mwaka hata mwaka bila kuzielewa. Twaziandika ubaoni, twaeleza maana ya nje na maana ya ndani, wanafunzi wananakili, na kipindi kinakwisha. Kwa muda wa miaka kumi na saba tulifundisha hivyo ile methali isemayo: Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kamusi ilikuwa imetuambia kwamba tezi ni upande wa nyuma wa chombo, omo ni upande wa mbele, na ngama ni pale chini kabisa ambapo maji yanayovuja hukusanyika. Kuijua ngama yenyewe, kwa magoti na kwa mikono, kulitujia baadaye, na kulitugharimu. Tumeona vema tueleze ilivyokuwa, maana huenda mwalimu mwingine anayekaa karibu na ziwa au mto akajaribiwa kama tulivyojaribiwa sisi.

Tunafundisha Rumonge, mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika, kilomita sabini na ushei kusini ya Bujumbura. Hapa Kirundi ni lugha ya nyumbani, lakini sokoni na ufukoni Kiswahili kina mizizi ya siku nyingi. Mwaka 2018 tulikuwa marafiki watatu: mwalimu wa hesabu, mwalimu wa jiografia, na mwandishi wa maneno haya. Tuliazimia kutengeneza mtumbwi wetu wenyewe, na wakati wa likizo ya kiangazi tuupige kafi mpaka Mugere kulitazama jiwe.

Jiwe hilo, lililo karibu na Bujumbura, limechorwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Wageni wengi hudhani kwamba hapo ndipo wawili hao walipokutana. Sivyo. Walikutana Ujiji, kisha wakapanda mtumbwi wa gogo la mvule wakaelekea kaskazini, ili wajue kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Wakaona unaingia. Burton na Speke walikuwa wamefika Uvira mwaka 1858 kwa swali hilohilo. Hawakufika mtoni, lakini wenyeji waliwaambia waziwazi kwamba maji ya Rusizi humwagika ziwani. Wenyeji walijua, ila neno lao lilingoja miaka 13 lithibitishwe na wageni. Kisa hiki tulikuwa tukiwasimulia wanafunzi kwa kejeli kidogo. Hatukujua kwamba nasi tulikuwa tunajiandaa kufanya vivyo hivyo.

Palikuwa na mzee mmoja fundi wa mitumbwi, na kibanda chake kilikuwa hatua chache kutoka majini. Tulipomweleza shauri letu alicheka, kisha akauliza, "Walimu wangu, mwataka mtumbwi wa kuvulia au wa kuonekana nao?" Tukamwambia twataka wa safari. Akakubali, kwa sharti kwamba tufanye kazi pamoja naye kila Jumamosi na kila Jumapili baada ya adhuhuri, tusije tu kutazama.

Mtumbwi wa gogo moja, ule uchongwao kwa shoka na tezo, umekuwa adimu kwetu, maana miti minene imekwisha. Wetu ulikuwa wa mbao, wenye urefu wa mita 7 na upana unaozidi mita moja kidogo katikati. Mkuku wake ulikuwa wa mvule. Fundi aliutoa katika chombo kikuukuu cha mvuvi mmoja aliyestaafu, akaupiga kwa nyundo mara mbili tatu, akasikiliza mlio wake, akaridhika. Sisi tulikuwa tumemletea mbao za mkaratusi kwa kuwa zilikuwa za bei nafuu. Akazikataa. Alisema mkaratusi una hasira: ukikauka hujipinda na kupasuka, na hasira yake utaikuta ukiwa mbali na nchi kavu.

Kwanza ulilazwa mkuku, kisha mataruma, kisha mbao za ubavuni, moja baada ya moja kuanzia chini. Baada ya hapo ilikuja kazi iliyotuchosha kuliko zote, yaani kutia kalafati. Tulisokota pamba, tukailoweka katika mawese, tukaishindilia katika kila upenyo kwa patasi butu na nyundo ndogo. Fundi alipita nyuma yetu akiipapasa kazi kwa kidole gumba, na mara nyingi alituambia tung'oe tuanze upya.

Katika kazi hiyo tulikuwa na daftari, nasi tuliandika kila neno lililotoka kinywani mwa mzee. Mataruma aliyaita mbavu. Omo na tezi aliziita mbele na nyuma. Ngama kwake ilikuwa tumbo la mtumbwi. Samaki ambaye watu wa Kigoma humwita mgebuka, yeye alimwita mukeke, kama wasemavyo Burundi nzima. Hatuna budi kukiri kwamba mara kwa mara tulimsahihisha. "Mzee, hiyo huitwa omo." Naye alikuwa akijibu kwa upole, "Haya, mwalimu, nishikie omo hiyo vizuri nipige msumari."

Mtumbwi ulipokamilika tuliketi kupanga safari. Mwalimu wa hesabu alipima kwenye ramani akapata kiasi cha kilomita 60 kwa kufuata ufuko. Akakadiria kilomita 4 kwa saa, saa nane za kupiga kafi kwa siku. Basi siku mbili za kwenda, siku moja ya kukaa, siku mbili za kurudi. Tulinunua unga, dagaa wakavu, chumvi na mafuta ya taa. Maboya ya kuvaa tulinunua mawili, tukasema la tatu ni gharama bure. Kisha tukampelekea fundi karatasi yetu, tukitarajia sifa.

Aliishika muda mrefu, akatupa maagizo matatu. La kwanza, mtumbwi wa mbao lazima unywe maji kabla ya kubeba watu. Tuuzamishe ufukoni siku tatu ili mbao zivimbe na kuzibana pamba, na huko tuendako tusiuache juu ya mchanga mkavu. La pili, tusafiri kuanzia saa tisa za usiku hadi saa nne za asubuhi, kisha tuwe nchi kavu, maana wakati wa kiangazi upepo wa kusini huamka jua lipandapo. La tatu alilisema huku akiturudishia karatasi: "Kwenda, upepo utawasukuma. Kurudi, mtausukuma ninyi. Anzeni kuhesabu kurudi." Tulimshukuru. La kwanza tulilifanya nusu, yaani tuliuzamisha siku tatu. Mengine tuliyaona ni maneno ya uzee.

Kwenda kulikuwa kama harusi. Upepo ulitupiga mgongoni, na siku ya pili, kabla ya alasiri, tulikuwa Mugere. Tukauvuta mtumbwi juu kabisa ya mchanga, usije ukachukuliwa na mawimbi. Tulilitazama jiwe, tukanakili maandishi yake, tukazungumza na wazee wa mahali pale. Mazungumzo yakanoga, badala ya siku moja tukakaa mbili. Siku hizo zote jua la Julai lilikuwa likiukausha mtumbwi wetu, mbao zikirudi nyuma polepole na kuiachia pamba, nasi hatuna habari.

Tuliondoka siku iliyofuata saa sita za mchana, kwa sababu mmoja wetu alipaswa kuwa kazini Jumatatu. Hatukupata saa mbili. Mawimbi yalitujia usoni moja kwa moja, kafi zikawa zinapiga maji na ufuko hausogei. Kwanza tulidhani maji yaliyomo mtumbwini ni ya mawimbi tu. Kisha mwalimu wa hesabu akaonyesha kwa kidole: yalikuwa yakiingia kwa chini, kwenye viungo vya mbao, membamba kama nyuzi. Tuliacha kafi, tukapiga magoti katikati ya chombo, tukaanza kuyakumba kwa sufuria ya ugali. Basi hapo ndipo ngamani. Mwenzetu wa jiografia, aliyekuwa akifundisha kila mwaka kwamba ziwa hili lina urefu wa kilomita 673 na kina kifikacho mita 1,470, hakujua kuogelea. Alivaa boya lake, akafumba macho, akashika taruma kwa mikono miwili.

Tuligeuza mtumbwi kuelekea nchi kavu. Kwa kugeuka tuliyapa mawimbi ubavu, nayo yakatujaza kwa mapigo mawili, chombo kikapinduka. Wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu zao walituona, wakaingia majini hadi shingoni, wakatuvuta. Mwenzetu alitolewa amekunywa maji mengi, na kwa muda ambao hatutausahau hakujibu alipoitwa. Alhamdulillahi, alizinduka. Unga ulipotea, sufuria ilipotea, na daftari la maneno lilipotea pia. Tulirudi Rumonge kwa basi, nguo zetu zikinuka samaki, na abiria wakitutazama.

Siku tatu tulimkwepa fundi. Ya nne tulikwenda, tukakaa chini mbele yake, tukasema yote bila kupunguza: jua, saa sita za mchana, boya moja lililokosekana. Hakutukemea. Aliuliza tu kama mwenzetu amepona. Juma lililofuata alisafiri mwenyewe na mwanawe, akauziba mtumbwi upya, akaurudisha kwa kafi, usiku kwa usiku, kila asubuhi akipumzika chini ya miti. Alipofika alitukabidhi kamba. Tulitaka kumlipa. Alichukua nauli ya basi peke yake.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo nayo tulikuwa tukiifundisha. Tulianza daftari jipya, na safari hii hatukumsahihisha. Mbele tuliandika mbele, na kando yake tukaandika omo. Tumeona tangu hapo kwamba mwanafunzi haibiwi kitu akiyapata yote mawili: neno la waungwana wa pwani ya bahari, na neno la mzee aliyeokoa chombo kwa mikono yake. Linalomwibia ni kuambiwa kwamba moja ndilo Kiswahili na lingine ni makosa.

Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipopanda na kufurika mjini, kibanda cha fundi kilizama. Sasa anafanya kazi mahali palipoinuka kidogo. Mtumbwi wetu ungali hai. Mwenzetu wa jiografia hapandi, naye tunamheshimu kwa hilo. Kila mwaka, kabla ya methali ile, tunawachukua wanafunzi hadi ufukoni, tunauweka mtumbwi katika maji ya magotini, na mmoja mmoja wanaingia kuyakumba maji ya ngamani kwa bakuli. Walimu wenzetu wanaofikiri kufanya vivyo hivyo tunawasihi mambo mawili. Mabakuli yawe mengi na maboya yatimie idadi ya watu. Na kabla hawajachukua ramani, wamtafute fundi wa mahali pao, wamwulize habari za kurudi, na wakae mpaka amalize kusema.