Dodoma, mji uliofika lenta

Ukishuka kwenye treni ya SGR Dodoma, mwenyeji wako wa kwanza ni upepo. Unakupokea na vumbi lake jekundu, unakupekua mifuko, kisha unakuacha uende zako. Mimi huupenda. Joto la Dar es Salaam nililiacha chini ya saa nne zilizopita.

Nilikodi bodaboda kuelekea Ng'hong'honha, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Njia nzima ni maboma: nyumba iliyoishia kwenye msingi, nyingine imefika lenta, nyingine imepauliwa upande mmoja tu na familia imeshahamia humo humo. Mgeni anaweza kudhani watu wameshindwa. Sivyo. Hapa mikopo ya nyumba ni ya wachache, kwa hiyo nyumba hujengwa kwa mshahara, na mshahara hauji wote siku moja. Mwezi huu tofali, mwezi ujao saruji, ada za shule zikiisha ndipo nondo.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, lakini kwa miongo minne wakubwa walikuja na mabegi madogo, shughuli zikiisha wakarudi pwani. Chuo kilipoanza mwaka 2007, wanafunzi walihitaji vyumba. Mwaka 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali inahamia kweli, na watumishi wakaja na wake, waume, watoto na makabati. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika manispaa. Ya 2022 ikakuta 765,179 katika jiji. Hesabu hiyo huhitaji kuitafuta vitabuni. Iko Nzuguni, iko Nkuhungu, iko Iyumbu ambako Shirika la Nyumba la Taifa limejenga.

Mama aliyenipangisha chumba ni Mgogo wa hapo hapo. Nilimwamkia, akanivutia kigoda chini ya mbuyu uliobaki uani. Alizaliwa ndani ya tembe, ile nyumba ya Kigogo yenye paa bapa la miti na udongo, ndefu kuliko kimo. Sehemu ya shamba aliiuza kama viwanja, fedha akaigeuza vyumba vinne vya wanafunzi. Cha tano na cha sita vinaendelea. Wakati tunaongea, fundi alikuwa akimwagia tofali maji kwa kikopo, polepole, kama anayemnywesha mtoto dawa. Maji ni ya kununua kwa dumu, na tofali lisiponyweshwa jua la hapa hulipasua.

"Zamani tulikuwa tunaomba mvua kwa ajili ya uwele," alisema. "Sasa naomba vyuo visifungwe."

Tulicheka, lakini moyoni nilihesabu mashamba ya zabibu niliyopita, mizabibu upande huu na vigingi vya upimaji upande ule. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Kiwanja huuzwa mara moja. Jiji lingepima na mashamba yake, likayawekea mipaka kama linavyoiwekea barabara.

Hata hivyo sijaona mji mwingine nchini unaomruhusu mgeni kuutazama ukijengwa hivi, bila kujifunika. Jioni, kutoka kilimani, mabati mapya yanang'aa mpaka Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, na katikati yake maboma yanangoja zamu.

Naondoka, chumba cha tano kimeshamwagiwa zege la lenta. Bati, mama anasema, muhula ukifunguliwa na wapangaji wakilipa.