Siku Tuliyochelewa Mbio za Mbebe

Nilipanda basi pale stendi ya Mbezi, Dar, nikiwa na hotuba yangu kichwani. Mume wangu alihamishiwa Tunduma kikazi, mwaka wa pili sasa, mimi nikabaki na kazi yangu ya uhariri. Kati yetu kuna zaidi ya kilomita 900, na tunaonana kila baada ya miezi miwili. Safari hii nilikuwa nimekata shauri: arudi Dar, la sivyo kila mtu ajue moja.

Unajua aliniambia nini niliposhuka? “Kesho tunakimbia Mbebe, mke wangu. Wenzangu wana hamu ya kukuona.”

Mbio! Jamani, miguu imevimba, nina siku mbili tu, naambiwa mbio. Nikanuna ile mbaya.

Akanieleza kwamba yeye na washkaji wake wanaiga Hash House Harriers, mtindo ulioanzia Kuala Lumpur mwaka 1938. Mtu mmoja anatangulia porini akidondosha unga kama alama, wengine wanamfuata. Si mashindano. Alama nyingine ni za uongo makusudi, ili wenye mbio wapotee, warudi, na wale wa nyuma wawafikie. Mwisho wote mnakula na kunywa pamoja. Nikamjibu, “Hongereni.”

Asubuhi tukaliacha foleni la malori ya mpakani, tukafika Mpemba, tukakunja kuelekea Ileje. Mahali pa kukutania palikuwa ndani huko kata ya Mbebe, na maelekezo yenyewe yalikuwa ya mdomo: acha barabara kubwa, shika ya vumbi, ukiona mti mkubwa uliza. Miti mikubwa tuliona minne. Kuuliza, mwenzangu hataki. Mwisho gari letu la kuazima likatumbukiza tairi kwenye korongo lililochimbwa na mvua. Simu, hakuna mtandao.

Tukashuka, tukaanza kutembea. Nikasema moyoni, haya, sasa ndiyo saa ya hotuba. Akaniwahi.

“Najua umekuja kuniambia nini.”

Nikanyamaza.

“Nilipofika huku nilikuwa nakula chipsi peke yangu chumbani, nakupigia. Unasema uko bize, utanipigia. Hupigi. Nikaona nitachanganyikiwa, ndiyo nikaanza kukimbia na hawa.”

Ukweli unauma, msomaji wangu. Mimi siku zote nilidhani kazoea, anajirusha huko mpakani. Kumbe kwenye simu yake mimi ndiye niliyekuwa sipatikani. Nililia pale pale kwenye vumbi, na yeye akalia. Na mimi nikamwambia yangu: jinsi ninavyoingia nyumbani saa tatu usiku, nyumba kimya, nawasha televisheni nisikie tu sauti ya mtu.

Mbele kidogo tukaona unga. Tukaufuata kwa furaha hadi ukaishia kwenye shamba la mahindi la bibi mmoja. Alama ya uongo!

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba wajukuu zangu. Hivi ni ninyi mnaomwaga ugali chini?”

Tuliona aibu. Mume wangu akaomba radhi, akaahidi kwamba wakija tena watatumia majivu. Bibi akacheka, akatuonyesha njia.

Tulipofika wenzetu walishamaliza kukimbia, wamekaa kivulini na mahindi ya kuchoma. Makofi yakapigwa. Sheria yao ni kwamba aliyechelewa anakunywa kwa mkupuo mbele ya watu. Nikapiga soda yangu chupa nzima, machozi yakanitoka tena, safari hii ni ya gesi. Jioni wanaume sita walilinyanyua gari letu kama kitanda.

Hotuba sikuitoa. Mume wangu bado yuko Tunduma, na bado nataka arudi. Hilo tunalizungumza, na halijapata jibu. Ila sasa kila siku saa tatu usiku simu inapigwa, na mpigaji ni mimi. Wiki iliyopita nilikuwa na kurasa sita hazijasomwa. Nikaziacha mezani, nikampigia.

Na wewe uliyemwambia mwenzio “nitakupigia”, umeshampigia?